Urithi wa bastola usivuke mpaka

Mwaka jana mpwa wangu aishiye Marekani alinipigia simu usiku wa manane. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu arudi nyumbani Burundi moja kwa moja. Yeye ni wa zile familia za wakimbizi wa 1972 zilizochukuliwa kutoka makambi ya Tanzania na kupelekwa Marekani kuanzia 2007.

"Shikamoo mjomba. Nimerithi bastola."

Marahaba yangu ilichelewa kidogo.

Akanieleza kwamba mzee mmoja wa kanisa, aliyewapokea siku ya kwanza walipofika, alikuwa amefariki. Katika wosia alimwachia rivolva, ile bastola yenye kichumba cha risasi kinachozunguka. Juu ya mtutu pameandikwa "Secret Service Special". Kijana alisoma maneno hayo akaamini kuwa hiyo ni silaha ya walinzi wa Rais wa Marekani. Tayari alishapiga hesabu ya kiwanja Gitega na pikipiki ya kuanzia maisha. Akauliza kama sisi tunaovusha mizigo Kobero tungeweza kumsaidia ifike.

Nilimwambia asiiguse tena mpaka fundi bunduki mwenye leseni aikague kama ina risasi, kisha amwambie ni kitu gani hasa. Alikwenda. Majibu aliyopewa yana funzo kwetu sote tunaorudi na mizigo na tunaofanya biashara mpakani.

Kumbe jina lile halina uhusiano wowote na ikulu. Lilikuwa jina la biashara la Fred Biffar, mfanyabiashara wa jumla wa Chicago. Mwanzoni mwa karne ya 20, maduka ya Marekani yaliuza bastola za bei nafuu pamoja na misumari, majembe na baiskeli. Mwenye duka aliagiza kiwandani, akaomba zigongwe jina alilotaka yeye. Kiwanda kimoja kiliweza kutoa bastola zilezile kwa majina mengi, na jina moja la duka likabandikwa kwenye kazi za viwanda mbalimbali.

Fundi alilinganisha umbo na vyuma vya ndani, akasema hii ni kazi ya Iver Johnson wa Massachusetts. Kiwanda hicho kiliweka kichwa cha bundi kwenye mipini ya bastola zake. Kwetu bundi ni ndege wa nuksi, kule alikuwa alama ya biashara. Hii ya mpwa wangu haikuwa na bundi, kwa sababu iliuzwa kwa jina la mwingine.

Hapo kuna kejeli ya historia. Septemba 6, 1901, mjini Buffalo, Rais William McKinley alipigwa risasi kwa rivolva ya Iver Johnson iliyonunuliwa kwa dola 4 na senti 50. Ni baada ya mauaji hayo ndipo idara ya Secret Service ilipokabidhiwa kazi ya kuwalinda marais. Silaha ya aina hiyo ilikuwa ya mtu yeyote mwenye dola chache mfukoni.

Kijana alitaja tarehe zilizochorwa kwenye mtutu, akidhani ndizo za kutengenezwa. Fundi akamsahihisha kwamba hizo ni tarehe za kusajiliwa kwa uvumbuzi, na bastola yenyewe inaweza kuwa imetoka kiwandani miaka mingi baadaye. Akamwonya pia asijaribu kuifyatua, kwani nyingi za zamani zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, na risasi za leo zinaweza kuzipasua. Kuhusu bei, alimwambia asitazame wanachodai wauzaji, atazame walicholipa wanunuzi. Nikeli imebanduka na sanduku lake halipo, hivyo ni dola 100, na akibahatika 150.

Kiwanja cha Gitega kikayeyuka.

Ndugu zangu wafanyabiashara, sisi tulipaswa kulijua hili kabla ya mtu yeyote. Mara ngapi tumefungua marobota yenye jina la muuzaji wa Dubai, tukakuta bidhaa imetengenezwa Guangzhou? Jina la juu ni la aliyeuza. Thamani iko kwenye kazi ya aliyetengeneza na hali ya kitu chenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na jina kubwa ni namna mojawapo ya kujitembeza.

Lakini hata kama ingekuwa na thamani ya dola elfu kumi, jibu langu kuhusu mpaka lingekuwa lilelile: hapana. Kule Marekani, sheria ya 1968 inaihesabu silaha iliyotengenezwa hadi 1898 kuwa ya kale, na inailegezea masharti. Huku ofisa wa forodha hasomi umri wa bastola. Anaona bastola. Nchi zetu za Maziwa Makuu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 kuzuia silaha ndogo ndogo zisizagae. Anayeificha ndani ya robota la mitumba anamwingiza dereva, utingo na mwenye mzigo katika kesi asiyoweza kuilipia.

Tena tunajua tulikotoka. Katika vita vilivyoanza 1993, bunduki moja ndani ya nyumba ilitosha kuwafanya majirani walale porini. Hakuna mama wa mtaani kwangu atakayeuliza kama ni ya 1905 ama ya jana.

Natoa wito kwa mashirika yanayowasaidia wanaorudi na kwa mamlaka za mipakani: waelezeni watu mapema, kwa Kiswahili na Kirundi, vitu gani havivuki. Wengi hawana nia mbaya, wana urithi tu wasiojua la kuufanyia.

Mpwa wangu alimuuzia muuza silaha mwenye leseni hukohuko kwa dola 110. Alirudi na picha ya yule mzee, na zile fedha zikanunua mabati ya jiko la bibi yake. Nilikwenda naye kuyapigilia. Mvua za mwaka huu hazijavuja.