Ndama Aliyejitokea Mwenyewe



Juma hili tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kusema juu ya neno moja lililozoeleka mno midomoni mwetu hata hatulisikii tena. Ukienda kufuatilia mafao ya marehemu mumeo, ukienda kuchukua cheti cha mwanao, ukienda kulipia ankara ya maji, utalikuta linakusubiri dirishani: "Sistimu imekataa." Pengine husemwa kwa adabu zaidi: "Mtandao unasumbua, njoo kesho." Nawe unakunja karatasi zako, unashukuru (ndiyo, unashukuru!), unarudi kituoni kungoja daladala.

Tunauliza: imekataaje? Kompyuta haina nafsi wala utashi. Haiwezi kukataa, kama vile jembe lisivyoweza kukataa kulima. Aliyekataa ni mtu. Ni yule aliyeandika jina vibaya, au yule aliyenunua programu asiulize itawafaa nani, au huyu aliyeketi mbele yako, ambaye angeweza kuinuka, kufungua kabati na kutazama jalada, lakini akaona ni kazi.

Kisingizio hiki ni cha kale. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 32, Musa anaposhuka mlimani na kumwuliza ndugu yake habari za ile sanamu, Haruni anajibu kwamba yeye aliitupa tu dhahabu motoni, na ndama akatoka. Hivyo tu, akatoka! Aya chache nyuma tumekwisha kusoma kwamba Haruni mwenyewe ndiye aliyeichonga kwa chombo mkononi. Makarani wetu wana ndama wao. Tofauti ni kwamba wa Haruni alitoka motoni, na huyu anatumia umeme.

Wala tusiwalaumu makarani peke yao. Neno hili lisingeota mizizi kama sisi tunaoambiwa tusingekuwa tumelimiwa shamba tayari. Tumezoea kutwika visivyoonekana mizigo ya wanaoonekana. Mtu ameiba, anasema shetani alimpitia. Dereva amekwenda mbio kupita kiasi, ameua abiria, nasi tunasimama kaburini tukisema kazi ya Mungu haina makosa. Ya Mungu haina, kweli. Lakini ya dereva je? Tuliwahi kuitwa kubariki ofisi moja, tukaombwa tuikazie maji ya baraka mashine ya kuchapia, kwa kuwa ilikuwa na pepo wa kutafuna karatasi. Kanisa linabariki vyombo vya kazi, nasi tulibariki. Kisha tukauliza ilisafishwa lini mara ya mwisho. Hakuna aliyejua.

Anayedhani kwamba haya ni madogo na asome habari za Posta ya Uingereza. Mwaka 1999 ilianza kuweka katika vituo vyake programu ya hesabu iitwayo Horizon, ya kampuni ya Fujitsu. Programu ilikuwa na kasoro. Ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Mawakala walioomba msaada, wengi wao, waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo. Sheria ya nchi ile iliruhusu mahakama ichukulie kuwa kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ionekane vinginevyo. Hadi mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Mama mmoja alifungwa mwaka 2010 akiwa mjamzito. Desemba 2019 hakimu wa Mahakama Kuu alitamka kwamba programu ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu kwa mamia. Tangu lini mashine ikaaminiwa kuliko kiapo cha mtu?

Tungependa kuishia Uingereza, kwa kuwa ni mbali. Haki inatudai tuje hapa hapa parokiani. Tulipohamisha orodha ya waamini kutoka madaftarini kwenda kwenye kompyuta, pamoja na hesabu za zaka, tulijivuna sana, tukatangaza hata altareni. Mwaka jana mama mmoja mzee alikuja kuomba mazishi ya mumewe. Katibu akabonyeza, akatazama, akasema jina halipo. Akatumwa kuleta barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Mwenyekiti alikuwa safarini. Kesho yake tulimkuta mlangoni sisi wenyewe, nasi, tunaungama, tulimwuliza kwanza kadi ya zaka. Siku ya tatu katekista mstaafu alipita kusalimia, akasikia jina, akanyoosha mkono kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti cha katibu, akafungua Kitabu cha Ubatizo cha mwaka 1968. Marehemu alikuwamo, kwa mwandiko wa padre mmisionari, na pembeni kipaimara chake na ndoa yake, kama kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inavyoagiza. Aliyeingiza majina alikuwa amemruka, basi.

Kutegemeza Kanisa ni wajibu, hatuufuti. Lakini kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: waasi wa imani, wazushi, waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa miili yao kwa kuipinga imani, na wadhambi wa wazi, na hao nao, kama hawakuonyesha dalili ya toba. Mwenye deni la zaka hayumo. Aliyerukwa na mchapaji hayumo. Nayo kanuni ya 1181 inataka maskini wasikose mazishi yanayowastahili.

Vitabu vile sasa viko juu ya meza ya katibu, kando ya kompyuta, na hakuna anayeondoshwa kabla havijafunguliwa. Katibu analalamika kwamba vumbi linamkohoza. Tumemnunulia kitambaa.

Yule mama tulimrudishia gharama za zile siku za ziada katika chumba cha maiti. Alizihesabu noti mbele yetu, akazifunga katika pindo la khanga, akaondoka. Hakushukuru.