Kyavinyonge: Mama na watoto si mzigo wa samaki

M23 ilipoingia Vitshumbi mwezi wa 3 mwaka 2024, familia zilikimbia kwa mitumbwi ya motere zikivuka Ziwa Edouard, nyingine zikafika hapa Kyavinyonge. Mtumbwi ule ulitengenezwa kwa kubeba nyavu na samaki. Ni mwembamba, ukingo wake uko karibu na maji, hauna kiti wala kivuli. Tajiri wa Ulaya akinunua boti ya familia, anauliza kama kitanda ni laini. Mama muhami anauliza kama mtoto atafika, na anajibiwa: "Ingia!"

Wenye mitumbwi husema mawimbi ni ya Mungu. Hapana! Mungu hapandishi watu juu ya magunia. Mzigo unawekwa chini, katikati, na watu wanakaa. Wakikaa juu ya mzigo uzito unapanda, na wimbi dogo la ubavuni linatosha kupindua. Motere kubwa haisaidii: mtumbwi uliojaa ukikata kona kwa haraka, unaingiza maji.

Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti Merdi kutoka Minova ilizama kwenye Ziwa Kivu, bandari ya Kituku, Goma, ikionekana mbele. Makumi ya watu walikufa. Boti ilijaa kupita kiasi, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara.

Samaki wanahesabiwa kabla ya kuuzwa. Wakuu wa ziwa wahesabu na watu kabla ya kuondoka, na mtumbwi usio na jile za kuokoa usitoke.