UCHAMBUZI: Uhakiki wa msimbo ni kinga ya huduma za umma

Asubuhi ya Julai 19, 2024, mamilioni ya kompyuta katika mataifa mbalimbali zilizimika na kubaki na skrini za bluu. Safari za ndege zilifutwa, hospitali ziliahirisha miadi na baadhi ya benki zilishindwa kuhudumia wateja. Chanzo hakikuwa shambulio la kimtandao, bali sasisho moja lililosambazwa na CrowdStrike, kampuni ya Marekani ya usalama wa kompyuta.

Kila mfumo endeshi una kiini kinachosimamia kumbukumbu na vifaa vyote vya kompyuta. Programu zinazounganisha kiini hicho na vifaa kama vile printa, kamera au kadi ya mtandao huitwa viendeshi. Programu ya kawaida ikikosea, hufungwa na kazi nyingine huendelea. Kiendeshi kilichomo ndani ya kiini kikikosea, kompyuta nzima husimama.

Programu ya CrowdStrike hutumia kiendeshi cha namna hiyo kwenye Windows. Kiendeshi chenyewe kilikuwa kimepimwa na kuidhinishwa kupitia utaratibu wa Microsoft, lakini faili za taarifa kilizozisoma hazikupita njia hiyo. Kwa mujibu wa ripoti ya kampuni, faili mpya ilitegemea vipengele 21 vya taarifa, ilhali msimbo ulitoa 20 pekee. Kiendeshi kikasoma eneo la kumbukumbu lisilo lake, na Windows ikasimama.

Sasisho hilo lilitolewa saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki na kuondolewa saa 2:27. Katika dakika hizo 78, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, idadi iliyo chini ya asilimia moja ya kompyuta zote za Windows. Nyingi zilihitaji fundi azifikie moja baada ya nyingine ili kuifuta faili hiyo.

Mradi wa Linux, ambao kiini chake ndicho msingi wa simu za Android, hufuata utaratibu wa wazi. Badiliko la kiendeshi huwasilishwa hadharani likiwa na jina la aliyeliandika. Wahakiki huuliza: je, urefu wa taarifa umekaguliwa kabla ya kusomwa? Je, kumbukumbu iliyochukuliwa imerejeshwa? Itakuwaje kifaa kikichomolewa kazi ikiendelea? Msimamizi wa eneo husika huridhia ndipo badiliko likamfikia Linus Torvalds, aliyeanzisha mradi huo mwaka 1991.

Uhakiki hauondoi makosa yote. Ndiyo maana baada ya tukio hilo CrowdStrike ilitangaza kuongeza majaribio na kusambaza masasisho ya aina hiyo kwa awamu, ili kosa likijitokeza liishie kwa wachache.

Mwananchi hapaswi kuacha kusasisha simu au kompyuta yake, kwani masasisho huziba mianya ya wahalifu. Wajibu mkubwa uko kwa taasisi zinazonunua mifumo. Kabla ya kusaini mkataba, ni vyema zimuulize mzabuni nani huhakiki mabadiliko yake, kama faili za taarifa hupimwa kwa ukali uleule wa msimbo, na huduma itarejeshwaje mashine zikizimika. Majibu hayo yakikosekana, gharama yake hulipwa na mwananchi aliye kwenye foleni.