Modemu tunalipa, koneksioni iko wapi?

Wandugu vijana wa Lubumbashi, wa Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba na kwingine kote,

Hii hadithi tunaijua sababu tunaishi ndani yake. Kijana anaweka makuta kidogo kidogo miezi mingi, anaenda kununua modemu. Muuzaji anamwambia: "Hii ni ilimite, utafanya yote." Analipa mwezi mzima mbele. Wiki ya kwanza ni raha. Wiki ya pili taa inakuwa nyekundu. Anapiga simu: "Mutulie, bateknisye banakuja." Siku sita zinapita, hakuna mtu. Mwezi ukiisha, kampuni inadai feza yote, hata ya zile siku sita.

Sisi tunaita hiyo wizi wa polepole.

Na hiyo "ilimite" njo nini? Mara nyingi kwenye mkataba kuna mstari mdogo: ukipita kiasi fulani, mwendo unashushwa. Unabaki na koneksioni isiyofungua hata video ya somo. Tena wanatangaza "mega 10" bila kueleza kwamba ni megabiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo mega 10 zao, hata zikifika zote, hazipakui zaidi ya megabaiti 1,25 kwa sekunde. Saa moja ya usiku, kartiye nzima ikiingia kwenye antena moja, hata hizo huzioni. Na ukitaka kuhama? Modemu uliyoinunua kwa feza yako imefungwa, inakubali kadi ya kampuni moja tu. Umenunua mnyororo wako mwenyewe.

Watatuambia: umeme unakosa, nyuzi zinakatwa, inchi ni kubwa. Ni kweli, antena bila umeme inataka mazuti, na mazuti ni bei. Lakini muuza mkate akikosa unga, hakuuzii hewa kwa bei ya mkate. Siku bila huduma ni siku bila malipo. Basi!

Leta nayo isijifiche. Kuna Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano na teknolojia. Kuna ARPTC ya kusimamia hii kazi. Karatasi zipo, mlinzi anasinzia. Na mwanafunzi anayekosa kutuma kazi yake, dada anayeuza nguo kupitia simu, kijana anayetafuta kazi, hao njo wanaolipa usingizi wake.

Tunadai:

1. Kila siku bila koneksioni irudishwe kwa mteja, kwa feza ao kwa siku za kuongeza, bila kuombaomba.
2. Mwendo wa chini kabisa uandikwe kwenye mkataba, kwa lugha tunayoelewa.
3. Modemu iliyolipwa ifunguliwe. Ni ya mwenye kuilipa.
4. ARPTC itangaze kila miezi mitatu matokeo ya vipimo vya kila kampuni, muji kwa muji.

Wanaosema "hamutaweza", wakumbuke RAM. Mwaka 2020 walianza kukata unite zetu, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G. Raia walikataa, wakasema, wakarudia kusema. Mwaka 2022 RAM iliondolewa. Haikuondoka yenyewe.

Kuanzia leo, kila mmoja afungue daftari. Andika tarehe na saa koneksioni ilikatika na saa ilirudi. Pima mwendo ukiwa karibu na modemu, kwa kebo kama unayo, ili wasiseme ni ukuta wa nyumba yako. Chunga risiti zote. Tutakusanya madaftari kartiye kwa kartiye, tutayapeleka mbele ya kampuni na mbele ya ARPTC, kwa amani, mchana kweupe, na tutaomba jibu la maandishi.

Malalamiko ya mtu mmoja wanayazima kwa simu. Madaftari elfu moja hawatayazima.

Tumelipa. Sasa batupatie!