KIBARUA NI KIBARUA, HATA AKISHIKA BRASHI YA PODA



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme na ndugu wanachama juu ya jambo ambalo wengine watalicheka. Nataka kusema juu ya mafundi wa vipodozi, yaani wale wanaowapaka watu poda na rangi usoni kabla ya kupigwa picha za matangazo, za magazeti na za kalenda. Najua ndugu zangu wa karakana watauliza, "Watu wa reli na rangi ya mdomo wapi na wapi?" Ngojeni nimalize, ndipo mcheke.

Katika mkutano wa tawi mwezi uliopita mwenzetu mmoja alisema ya kwamba chama kisipoteze wino kwa watu wasio na mwajiri. Alisema hao ni watu wa urembo, wanajitegemea, wana fedha zao. Watu wengi walipiga makofi. Mimi nampinga, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Siku ya picha fundi wa vipodozi huamka saa tisa za usiku. Wapiga picha hupenda mwanga wa asubuhi, na uso hauwezi kupambwa kwa dakika tano. Basi mpiga picha akifika saa kumi na mbili, fundi amekwisha fika saa kumi, na sanduku lake zito. Hukaa hapo mchana kutwa, amesimama, akiangalia jasho la mtu mwingine. Likitoka tone moja anakimbia kulifuta. Jioni taa zikizimwa, yeye bado anawafuta watu nyuso na kuosha brashi zake. Ni wa kwanza kuja na wa mwisho kwenda.

Msidhani ni kazi ya kupaka tu. Taa ya kamera inayomulika ghafla ni kali kuliko macho yetu yanavyojua. Poda nyingine ikionekana nzuri kwenye kioo, taa ikipiga hurudisha weupe, na mtu mweusi hutoka pichani kama aliyemwagiwa unga wa ugali. Fundi hana budi kujua poda ipi hufanya hivyo na ipi haifanyi. Tena lazima ajue usafi. Brashi ya macho ya mtu mmoja ikipita kwa mwingine bila kusafishwa, macho huuma na kuvimba, na lawama ni yake. Tena awe na rangi za kila ngozi. Mwaka 2017 kampuni ya Fenty Beauty ilipotoa faundesheni za rangi 40, dunia ilistaajabu. Fundi wa Nairobi hakustaajabu. Alijua siku nyingi kwamba watu wa Kenya si wa rangi mbili au tatu, na alikuwa akichanganya mwenyewe kwenye kibao chake. Rangi hizo zote hununua kwa fedha zake, na si rahisi. Sisi wa karakana tukipewa kazi hukuta spana na nyundo ziko. Yeye huja na karakana yake mgongoni.

Huyo ni fundi, ndugu zangu. Kama huyo si mfanya kazi, basi nani mfanya kazi?

Matajiri wamemtafutia jina zuri. Wanamwita frilansa. Jina hilo lina harufu ya uhuru, lakini tulichunguze. Sisi tuna neno letu la zamani, kibarua. Neno hilo tulilitoa wapi? Ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi, siku zake zikatiwa alama humo, akakionyesha akalipwa. Alikuwa mnyonge, lakini alikuwa na karatasi mkononi. Fundi wa vipodozi wa leo anaitwa kwa simu usiku, "Njoo kesho, tutaelewana." Hakuna karatasi, hakuna saa ya mwisho, hakuna siku ya malipo. Ni kibarua asiye na kibarua.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua wa siku alipwe mwisho wa siku. Mtu abebaye magunia akifika jioni ana haki ya kudai fedha yake kabla jua halijatua. Lakini huyu aliyebadilishiwa jina anaambiwa angoje siku 30, halafu 60, halafu 90. Jina zuri limemwondolea haki aliyo nayo mbeba magunia. Hata sheria ya Musa ilikataza ujira wa mtu wa kazi kulala kwa tajiri mpaka asubuhi, na ndugu zetu Waislamu wamefundishwa kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka. Jasho la hawa hukauka, likatoka jingine, likakauka tena.

Kwa nini wanacheleweshwa? Kwa sababu fedha hupita mikono mingi. Mwenye sabuni hulipa kampuni ya matangazo. Kampuni ya matangazo hulipa mtengenezaji. Mtengenezaji hulipa mpiga picha. Mpiga picha, kama amesalia na kitu, humlipa fundi wa vipodozi. Ukimwuliza ye yote katika mstari huo, atakuambia, "Mimi bado sijalipwa na wa juu." Ni kama gari la moshi lililokatika kiungo. Injini imeingia stesheni watu wanashangilia, na behewa la mwisho limeachwa porini gizani.

Nitatoa mfano ninaoujua. Dada yangu mdogo hufanya kazi hiyo hapa Nairobi. Kampuni moja, jina silitaji, ilimwita kwa siku mbili kwa shilingi 30,000. Wenzangu wataona ni fedha nyingi. Haya, tupige hesabu. Kodi ya asilimia 5 ilikatwa, shilingi 1,500. Hilo hatulipingi, kodi ni ya nchi. Msaidizi wake alimlipa 2,000 kila siku, ni 4,000. Gari la alfajiri na la usiku, maana sanduku lile halipandi matatu saa tisa za usiku, 1,500 kila siku, ni 3,000. Poda, pamba, sponji na kope za bandia zilizotumika, 4,500. Zikabaki shilingi 17,000. Na siku mbili hizo kwa kweli zilikuwa tatu, kwa kuwa siku moja kabla aliitwa kujaribu rangi, na siku hiyo haikuhesabiwa.

Shilingi hizo 17,000 zilikuja baada ya miezi mitano. Msaidizi na mwenye gari hawakungoja miezi mitano, aliwalipa palepale kwa mkopo wa simu, na mkopo wa simu una riba. Wakati huo picha ilikuwa juu ya ubao mkubwa barabarani, ukubwa wa nyumba. Kila siku akipita ndani ya matatu aliiona kazi ya mikono yake inauza mali ya watu, naye hana nauli ya kesho. Alipopiga simu kudai, aliambiwa kwa adabu kwamba watu wenye maneno mengi hawaitwi tena.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya tajiri. Hahitaji kumfukuza fundi, kwa sababu hakumwajiri. Anachohitaji ni kutompigia simu tena.

Sasa tujibu maneno ya wapinzani.

Wanasema, "Huyo ni tajiri wa nafsi yake." Je, tajiri wa nafsi yake hupangiwa saa na mwingine? Huambiwa asimame wapi, apake rangi gani, ale saa ngapi, aondoke saa ngapi? Akianguka ngazini na sanduku lake akavunjika mkono, sheria ya fidia ya mwaka 2007 ni ya walioajiriwa, yeye hayumo. Utajiri wa namna hii ni wa kubeba hasara peke yako.

Wanasema pia, "Hatuna bajeti ya vipodozi, lakini utajulikana. Tutaliandika jina lako Instagram." Kujulikana ni kitu kizuri, lakini sijaona duka la unga lipokealo sifa. Hebu tajiri amwambie mwenye kukodisha taa kwamba atamlipa kwa kumsifu. Amwambie mwenye studio. Hathubutu! Wenye vyuma hulipwa, mwenye mikono husifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hawa wamesifiwa bila hata kununuliwa tembo.

Nanyi mafundi wenyewe, msidhani nitawaacha. Mmoja wenu akikataa kazi ya bure, watatu wanaikimbilia. Mmoja akisema 15,000, mwingine ananong'ona 5,000. Mnadhani mnamshinda mwenzenu, kumbe mnamshusha, na kesho mtashushwa ninyi kwa bei hiyo hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayeanza kazi na ajifunze kwa mwenzake mwenye ujuzi, si kwa kumfanyia bure mfanya biashara anayeuza bidhaa yake.

Na sisi wanachama je? Tunalia mshahara ukichelewa siku tatu. Lakini binti zetu wakiolewa, tunamwita fundi wa vipodozi saa kumi za alfajiri awapambe bibi arusi na wasimamizi wake, halafu tunamwambia aje Jumatatu kwa mweka hazina wa kamati. Jumatatu mweka hazina hashiki simu. Ndugu zangu, siku hiyo sisi ndio tajiri, na dawa ya deni ni kulipa.

Yule mwenzetu alisema mambo ya vibarua wasio na mwajiri si mambo ya watu wa reli. Naona hajasoma habari za baba zetu. Januari 1947 kazi iliposimama Mombasa kwa siku kumi na mbili, hawakugoma watu wa reli peke yao. Walikuwako vibarua wa bandarini walioandikwa kwa siku, watu wa mahotelini na watumishi wa majumbani, karibu watu 15,000, wakikutana pamoja Kiwanja cha Maskini. Hakuna aliyemwuliza mpishi, "Wewe na reli wapi na wapi?" Vibarua wa bandari nao walikuwa wanaambiwa kazi yao ni ya siku kwa siku, haiwezi kupangwa wala kuwa na chama. Baadaye ilipangwa, na chama chao kikawa na nguvu kuliko vyama vingi.

Wengine watasema watu wa vipodozi hawawezi kuungana kwa sababu kazi yao ni ya kuhamahama. Huko Hollywood mafundi wa vipodozi na nywele wa sinema wana chama chao tangu mwaka 1937, Local 706. Nao hutoka kazi hii kuingia ile, lakini wana kima cha chini, na waajiri huwachangia matibabu na uzeeni kwa saa walizofanya. Mji wa New York ulianza mwaka 2017 kutumia sheria ya watu wa kujitegemea. Kazi ya dola 800 au zaidi sharti iandikwe, na kama siku ya malipo haikutajwa, fedha ilipwe katika siku 30. Kwa hiyo jambo hili lawezekana.

Hapa kwetu Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini, na kila mfanya kazi ana haki ya ujira wa haki na ya kuingia katika chama. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yaeleza chama cha wafanya kazi kuwa ni umoja wa walioajiriwa. Katiba imefungua mlango na sheria imesimama mlangoni. Ndiyo sababu wanahitaji sauti ya vyama vyenye umri kama chetu, vidai sheria hiyo irekebishwe.

Basi naleta mambo haya mbele ya tawi:

1. Chama kitamke wazi kwamba fundi wa kujitegemea ni mfanya kazi, na kiwape mafundi hawa chumba chetu cha mikutano waunde umoja wao.

2. Tuwaunge mkono katika madai yao: mapatano kwa maandishi kabla ya siku ya kazi, arbuni ya nusu, nusu iliyobaki ilipwe katika siku 30 hata kama "wa juu" hajalipa, siku ya kujaribu rangi ilipwe, saa zipitazo kumi ziongezewe malipo, na gari kwa wanaoitwa kabla ya mapambazuko.

3. Makatibu wetu wawafundishe njia ya kudai. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu aweza kujisemea bila wakili, na sheria yataka shauri likatwe katika siku 60. Watunze kila ujumbe wa simu, ndio barua yao.

4. Kila mwanachama anayefanya harusi amlipe fundi kabla bibi arusi hajatoka mlangoni.

Jambo la mwisho. Tusidhani neno hili frilansa litakaa kwa watu wa poda milele. Tajiri akiona kwamba limemfaa huko, atalileta karakanani. Atamwambia fundi wa breki, "Wewe sasa ni tajiri wa nafsi yako, njoo na spana zako, tukikuhitaji tutakupigia simu." Siku hiyo tutamtafuta wa kutusaidia. Afadhali tuanze sasa, tukiwa bado tuna kadi za chama mfukoni.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Ni mimi ndugu yenu,
Fundi wa Mabehewa,
Nairobi.