Bi harusi, ungeomba mikorosho katika mahari?



Siku hizi picha za harusi zimejaa ule mti wa Kijapani wenye majani mekundu kama hina iliyokolea, na wapo wanaoulizia mche wake. Mti ule hutaka baridi ya kweli, upukutishe majani na ulale miezi kadhaa. Kwa jua letu la Unguja utababuka majani, kisha ufe. Pesa yako itakuwa imekwenda.

Kama ni wekundu, wenzetu wa Masasi na Newala wanao. Mwezi wa Septemba na Oktoba, mvua haijanyesha, miyombo huchipua majani mekundu porini. Na mkorosho, ambao huku wengine tunauita mbibo, majani yake machanga huwa na rangi ya shaba. Pale Lupaso, kijiji alikozikwa Rais Mkapa Julai 2020, na vijiji vya jirani, mti huu ndio ada ya shule na ndio bati la nyumba.

Rai yetu ni hii: binti anayeolewa upande ule aombe mikorosho iwe sehemu ya mahari yake. Sheria yetu inaruhusu mahari kuwa kitu chochote halali chenye thamani, na Surat An-Nisaa imeamrisha wanawake wapewe mahari yao. Ni yake yeye, si ya baba wala ya mume. Sisi watu wa visiwani hatuoni ajabu mtu kumiliki mikarafuu au minazi kwenye ardhi ya mwengine. Kabati la vioo litavunjika. Mkorosho uliotunzwa huzaa miaka mingi.

Lakini hapo kwenye kutunza ndipo penye maneno. Mche hutaka maji kiangazi cha kwanza, na juu kule Newala maji ni tabu ya tangu zamani. Ndoo hiyo itabebwa na kichwa cha nani? Miti ipandwe mbalimbali, kama mita 12, isije ikagombania jua. Ikianza kutoa maua hupuliziwa salfa kuzuia ubwiri unga, na hairudiwi mara moja tu. Palizi, kupogoa, kuokota, vyote hivyo ni kazi, na kazi nyingi huangukia wanawake.

Halafu ikifika mnada, malipo hupita chama cha msingi na kuingia benki kwa jina lililoandikishwa. Ikiwa jina ni la mume, bi harusi amepewa miti kwa mdomo tu. Hatusemi waume wote ni wabaya, hasha! Tunasema mahari isiyoandikwa huleta ugomvi hata baina ya wapendanao, na mume akifariki, ndugu zake wataihesabu miti ile kuwa ni urithi.

Kwa hiyo siku ya kupeleka posa, wazee wataje idadi ya miti na shamba lilipo, iandikwe mbele ya mashahidi, na mwanamke aandikishwe kwa jina lake. Kama ni miche, msimu wa kupanda ni mvua zinapoanza, Novemba au Disemba. Anayetaka kuolewa Shawwal ahesabu mapema.