Nyumba Iliyoandikwa Namba

Wilayani Ruangwa nyumba haijengwi kwa siku moja. Huanza na ukuta wa miti na udongo na paa la nyasi. Ufuta ukipata bei kwenye mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, nyasi hupisha mabati. Korosho zikikubali, sakafu hupata saruji. Na mwaka mwingine huchimbwa choo kipya kwa kuwa cha zamani kimejaa. Mganga wa zahanati anaweza kuisoma historia hiyo kama anavyosoma kadi ya kliniki. Sakafu ya saruji huwanyima funza na papasi mahali pa kujificha. Mwanya ulio kati ya ukuta na paa ukizibwa, mbu hupoteza njia yao kuu ya kuingilia. Choo kikikamilika kabla ya mvua, watoto huepushwa na kuhara. Ujenzi huo wa polepole ni sehemu ya kinga, ingawa hauandikwi katika taarifa yoyote ya robo mwaka.

Ndiyo maana namba inayoandikwa ukutani na wathamini inapaswa kuwahusu wahudumu wa afya.

Ruangwa ina madini ya kinywe, yanayotafutwa duniani kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Majina ya miradi ya Nachu, Lindi Jumbo na Chilalo yamezoeleka masikioni mwa wakazi. Mgodi huhitaji ardhi, na ardhi hiyo ina mikorosho, visima, makaburi na nyumba za watu. Hakuna sababu ya kuukataa mgodi kwa kuwa ni mgodi. Wilaya inahitaji ajira na mapato, na wakazi wengi wanayataka. Linalostahili kupiganiwa ni jambo dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo: muda unaopita kati ya siku ya uthamini na siku ya malipo.

Katika uthamini wa fidia, mali ikishaorodheshwa, kinachoongezwa baadaye hakihesabiwi. Utaratibu huo una sababu yake. Bila tarehe ya ukomo, vibanda vingechipuka usiku mmoja ili kuvuna fidia. Hata hivyo, mkulima mwenye kupiga hesabu zake huona mbali zaidi ya agizo lenyewe. Anunue mabati ya nini, ikiwa nyumba itabomolewa? Basi paa linalovuja huachwa livuje. Choo kilichojaa hakichimbiwi kingine, na wenye nyumba hurejea vichakani. Kijana aliyeoa hajengi chake, bali hubaki kwa wazazi pamoja na mke na watoto. Chumba cha watu watatu hulaliwa na sita, na mmoja wao akiwa na kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, wote huivuta hewa ileile usiku kucha. Malipo yakitoka upesi, hasara hiyo ni ya msimu mmoja. Yakichelewa misimu mitatu, mtoto aliyezaliwa siku ya uthamini atakuwa ametembea, amesema na ameugua malaria mara kadhaa katika nyumba ambayo hakuna aliyethubutu kuikarabati.

Sheria haikuyasahau haya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inadai fidia iliyo kamili, ya haki na inayolipwa mapema. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka malipo yafanyike ndani ya miezi 6. Muda huo ukipita, riba huanza kuhesabiwa, na thamani iliyoidhinishwa hukoma baada ya miaka 2, hivyo uthamini hurudiwa. Kasoro ni kwamba riba hufidia fedha peke yake. Haimrudishii mama damu iliyopungua kwa malaria ya mara kwa mara, wala haimlipi mzee ambaye shinikizo lake la damu limekataa kushuka tangu alipoanza kuhesabu siku.

Inafaa kusema wazi kwamba bati si dawa. Jaribio lililofanyika nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2021 halikuona kinga ya ziada ya nyumba zilizoboreshwa kwa watoto ambao tayari walikuwa wakilala ndani ya vyandarua. Lakini afya ya nyumba ni pana kuliko malaria. Katika mkoa jirani wa Mtwara, watafiti walijenga vijijini nyumba 110 za mfano, zenye vyumba vya kulala juu, kuta zinazopitisha hewa na kuzuia mbu, choo bora na mfumo wa kuvuna maji ya mvua. Familia zilipatikana kwa kura, na watoto wao wakafuatiliwa kwa malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa kwa pamoja. Anayejenga nyumba za kuwahamishia watu Ruangwa hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Lipo pia suala la nani anaandikwa. Miongoni mwa Wamwera ukoo kwa jadi hufuata upande wa mama, na shamba au kiwanja mara nyingi kina historia ya bibi na wajomba. Fomu inayomtaka mkuu wa kaya mmoja huweza kuifuta historia hiyo kwa mstari mmoja wa kalamu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Fidia ya nyumba hiyohiyo haistahili kupita pembeni ya mama anayelala humo na watoto.

Madai yanayofaa kufikishwa katika mkutano mkuu wa kijiji na baraza la madiwani si makubwa. Ukarabati wa paa, uchimbaji wa choo na uwekaji wa wavu madirishani utambuliwe kuwa ni mambo ya afya, yaruhusiwe bila shaka yoyote katika kipindi cha kusubiri, na malipo yakipita miezi 6, gharama zake zibebwe na mwenye mradi. Bwana afya awepo siku ya uthamini, aandike hali ya choo, umbali wa maji na idadi ya wanaolala katika kila chumba. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wawafundishe wenye nyumba kutunza nakala ya fomu.

Kwa mhudumu wa zahanati, kazi inaanza na maswali mawili kwa mgonjwa anayerudi kila mwezi na homa au kuhara: nyumba mnayolala imefanyiwa uthamini, na ni lini? Majibu yakijumlishwa kwa kitongoji, bila jina la mgonjwa hata mmoja, kamati ya afya ya kijiji itakuwa na karatasi ya kuweka mezani kabla mvua za Desemba hazijaanza.